Farasi wa Smithfield, Noti ya Lombard Street

Mwaka 1779 mtu aitwaye John Pear alimwendea mkodishaji wa farasi jijini London, akaomba farasi jike wa kumfikisha Sutton, katika jimbo la Surrey. Aliahidi kumrudisha saa mbili usiku wa siku hiyo hiyo. Alipoulizwa anakaa wapi, akataja mtaa na namba ya nyumba. Mwenye farasi akaridhika, akamkabidhi hatamu. Pear hakufika Sutton, wala hakuwa na safari ya huko. Alasiri ile ile alikuwa Smithfield, soko kubwa la mifugo la London, akamuuza yule farasi pamoja na tandiko lake na kutia fedha kibindoni. Alipotafutwa kwenye ile nyumba, ikabainika kwamba hajawahi kuishi pale.

Mtu wa leo haoni cha kubishania hapo. Lakini kesi ya Pear ilipelekwa mbele ya majaji wakuu wa Uingereza, ambao wakati huo walikuwa 12, na majaji hao wakavutana. Sheria waliyoirithi ilisema mwizi ni yule anayechukua kitu kutoka mikononi mwa mtu bila ridhaa yake, akakiondoa, huku akikusudia kumkosesha mwenyewe kitu chake moja kwa moja. Pear hakuchukua, alipewa. Alipewa mchana kweupe na mwenye mali mwenyewe. Walio wengi waliona njia moja tu ya kutoka: ridhaa iliyopatikana kwa hila si ridhaa ya kumwachia mtu mali. Kwa kuwa Pear alikuwa na nia ya kuuza tangu alipobisha hodi, farasi alihesabiwa kuwa bado yumo mikononi mwa mwenyewe mpaka alipofika Smithfield. Kwa hiyo Pear alikuwa mwizi.

Hivyo ndivyo sheria ya wizi ya Uingereza ilivyokua. Hapakuwa na mtaalamu mmoja aliyekaa mezani akafikiri wizi ni nini, kisha akauandika. Kila mara alitokea mjanja aliyepata upenyo, majaji wakakuna vichwa, na kiraka kikashonwa mahali pale pale palipotoboka. Viraka hivyo vilisafiri mbali. Mtu akishtakiwa leo Kisutu, Dar es Salaam, au Milimani, Nairobi, kwa wizi wa kuaminiwa, wizi akiwa mtumishi, au kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, anajibu mashtaka yanayoanzia kwa watu kama Pear, waliokufa zaidi ya karne mbili zilizopita.

Kiraka cha kwanza kinachokumbukwa ni cha mwaka 1473, zama za Mfalme Edward IV. Mfanyabiashara wa kigeni alimwajiri mchukuzi ampelekee marobota ya bidhaa bandarini Southampton. Mchukuzi aliyapeleka kwingine, akayachana na kuchukua yaliyomo. Utetezi wake ulikuwa mzito kwa sheria ya siku zile, kwa sababu aliyekabidhiwa mali anayo mkononi kwa halali, na mtu haibi kilichomo mkononi mwake. Shauri lilizungumzwa katika baraza la mfalme, kisha likapelekwa kwa majaji. Kansela Robert Stillington alisema wazi kwamba wageni wamekuja kufanya biashara chini ya ulinzi wa mfalme, na hawastahili kuambiwa wasubiri taratibu za kienyeji.

Majaji waliokoa jahazi kwa hoja ambayo hadi leo inachekesha. Mchukuzi, walisema, alikabidhiwa robota. Hakukabidhiwa kilichomo ndani ya robota. Alipolichana, ule mkataba ulikufa, na kila alichochomoa alikichukua kutoka kwa mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba mchukuzi aliyekimbia na robota zima bila kulifungua hakuwa mwizi, ila aliyelifungua na kuchomoa kipande kimoja aliweza kunyongwa. Mwanazuoni wa Marekani Jerome Hall aliandika kitabu mwaka 1935 akidai kwamba majaji wale walisukumwa na mahitaji ya biashara, kwa kuwa Uingereza ilikuwa inageuka kutoka uchumi wa mashamba ya mabwana na kuwa uchumi wa bandari na misafara, na mtu aliyebeba mali za wenzake hakuweza tena kuachwa huru hivi hivi. Wapo waliompinga katika undani wake, lakini ni vigumu kuisoma hukumu ile bila kuona kivuli cha bandari ya Southampton juu yake. Kanuni ya robota lililochanwa iliishi mpaka 1857, Bunge lilipotamka kwamba aliyekabidhiwa mali akiifanya yake ni mwizi, awe amefungua au hajafungua.

Kunyongwa hakukuwa neno la kutishia watoto. Tangu sheria ya Westminster ya 1275, wizi uligawanywa mara mbili kwa kipimo cha peni 12. Uliozidi hapo ulikuwa mkubwa, na adhabu yake kifo. Peni 12 za karne ya 13 zilikuwa fedha ya maana. Za karne ya 18 zilikuwa chenji tu, na kipimo hakikuguswa. Juu yake Bunge liliongeza sheria nyingine za kunyonga: kuiba dukani kitu cha shilingi tano, kuiba ndani ya nyumba kitu cha shilingi 40, na nyingine nyingi, hata makosa yenye adhabu ya kifo yakapita 200.

Waliokuwa na huruma ni watu wa kawaida waliokaa kwenye juri. Kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey zimejaa vitu vilivyokadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 39, yaani shilingi moja chini ya kitanzi, hata pale kila aliyekuwemo mahakamani alipojua thamani halisi ilikuwa mara kadhaa ya hiyo. Wajumbe wa juri walikuwa wameapa kusema kweli, na walidanganya kwa makusudi kumwokoa mtu. Wengine walipona kwa sababu waliweza kusoma. Ilikuwa desturi ya kale kwamba mwenye kusoma ahesabiwe kuwa mtu wa kanisa, na kwa kosa la kwanza asinyongwe, bali apigwe chapa ya moto kwenye kidole gumba. Aya iliyotumika kumpima ilitoka Zaburi ya 51, na wasiojua hata herufi moja waliikariri. Wabunge kama Samuel Romilly walipigana miaka mingi kupunguza vifo hivi. Mwaka 1808 alifanikiwa kuondoa adhabu ya kifo kwa wezi wa mifukoni, na kufikia 1827 mgawanyo wa wizi mkubwa na mdogo ulifutwa.

Inafaa kulikumbuka hilo wakati wa kusoma hoja za majaji ambazo leo zinaonekana kama michezo ya wanasheria. Mahali ambapo jibu la swali lilikuwa uhai wa mtu, jaji aliyetaka kumwokoa alitafuta neno moja la kushikilia.

Neno "kuondoa" lilikuwa mojawapo. Mwaka 1781 mwizi alipanda kwenye gari la mizigo, akalisimamisha wima robota refu lililokuwa limelazwa, akaanza kukata kifungashio chake ili achomoe yaliyomo. Akakamatwa kabla hajachomoa kitu. Majaji waliamua kwamba hakuiba, kwa maana robota halikuwa limetoka lilipokuwa, limesimamishwa tu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1784, bibi mmoja alikuwa akitoka jumba la opera London na watu wamesongamana mlangoni. Mtu aitwaye Lapier akamnyofoa hereni sikioni. Kufumba na kufumbua hereni ikamponyoka, ikanasa kwenye misokoto ya nywele za yule bibi, ambaye aliikuta huko alipofika nyumbani. Hereni haikwenda popote. Ilihama kutoka sikioni hadi nyweleni, kipande cha shubiri hivi. Hata hivyo majaji walisema kwamba kwa nukta ile moja ilikuwa imetengana na mwili wa mwenyewe na kuwa mkononi mwa mwizi, na nukta moja inatosha. Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, unaona jinsi wizi ulivyopimwa kwa inchi.

Mwaka 1799 mfumo mzima ulitikiswa na karani wa benki. Joseph Bazeley alikuwa mpokea fedha katika benki ya Esdaile na Hammett, Lombard Street, mtaa wa mabenki wa London. Mteja alileta pauni 137, za noti na taslimu, ziwekwe kwenye akaunti. Bazeley alizihesabu, akaandika kwenye daftari jumla yote sawasawa, akaweka kila kitu mahali pake kwenye droo, isipokuwa noti moja ya pauni 100, ambayo aliitia mfukoni. Kwa hiyo vitabu havikuwa na kosa. Kasoro ilikuwa kwenye droo.

Wanasheria wake walikuja na hoja ambayo majaji hawakuweza kuivuka. Kuiba ni kuitoa mali mikononi mwa mwenyewe. Benki ilikuwa haijaishika ile noti hata mara moja, kwa kuwa ilitoka kwa mteja ikaingia mkononi mwa Bazeley na kutoka hapo mfukoni, bila kupitia droo. Kama angeiweka drooni kwanza, hata kwa dakika moja, halafu akaichukua, angekuwa mwizi wa kunyongwa. Majaji walikubali. Bazeley akatoka kwa msamaha wa mfalme, na mabenki ya London yakapigwa na butwaa: kumbe makarani wote wa Lombard Street wanaweza kufanya vivyo hivyo! Bunge halikungoja. Mwaka huo huo wa 1799 lilipitisha sheria ya kumtia hatiani mtumishi anayezifanya zake fedha anazopokea kwa niaba ya mwajiri. Tayari mwaka 1757 lilikuwa limefanya kosa tendo la kujipatia mali kwa maneno ya uongo.

Sasa makosa yakawa matatu: wizi, ubadhirifu wa mtumishi, na kujipatia kwa udanganyifu. Mipaka baina yao ilikuwa myembamba kuliko unywele. Kama ulidanganya ukaazimwa farasi, huo ni wizi, kwa sababu mwenye farasi alikupa kumshika tu. Kama ulidanganya ukauziwa farasi kwa hundi bandia, huo si wizi, kwa sababu alikuwa amekusudia kukupa farasi awe wako. Mwendesha mashtaka aliyekosea kuchagua aliona mtuhumiwa wake akitoka mlangoni, na wakati mwingine uovu wake ulikuwa umethibitika kabisa.

Kulikuwa na swali jingine lililowasumbua sana majaji wa karne ya 19: nia ovu iwepo lini? Mwaka 1853 waliletewa kesi ya mtu aliyelaza wanakondoo wake 29 wenye nyuso nyeusi kwenye shamba ambako mwingine alikuwa na wake wenye nyuso nyeupe. Asubuhi aliwatoa wake, na mweupe mmoja akafuata kundi. Hakumwona. Mnunuzi ndiye aliyemwonyesha, akimwambia kwamba hapa kuna 29 weusi na mweupe mmoja. Mtu yule, sasa akijua, akawauza wote 30. Alipomchukua hakuwa na nia, na alipokuwa na nia hakuchukua. Majaji walisema kumtoa mwanakondoo wa mwenzako kulikuwa ni kumwingilia tangu mwanzo, hata kama hukujua, na kuingilia huko kuliendelea mpaka nia ilipoungana nako.

Hoja hiyo ilifaa kwa kondoo. Haikufaa kwa sarafu. Mwaka 1885 mtu aitwaye Ashwell alimwomba mwenzake amkopeshe shilingi. Ilikuwa giza. Mwenzake akampa sarafu ambayo wote wawili waliamini ni shilingi. Baadaye Ashwell aliiangalia na kukuta ni pauni ya dhahabu, yaani shilingi 20, akaitumia. Majaji 14 waliketi kuamua. Saba walisema ni mwizi, kwa kuwa hakuna aliyempa pauni na aliipokea hasa pale alipoitambua. Saba walisema si mwizi, kwa kuwa aliipokea kwa mikono safi. Kura zilipolingana, hukumu ya kumtia hatiani ikabaki kama ilivyokuwa. Hata leo mtu akisoma hoja za pande zote mbili anaweza kuzikubali zote.

Halafu kuna suala la nini kinachoweza kuibwa. Ardhi haikuibwa kwa kuwa haihamishiki, na kilichoota juu yake kilihesabiwa sehemu yake. Aliyechuma matufaha mtini na kuondoka nayo papo hapo hakuwa mwizi kwa sheria ya kale. Aliyechuma, akayarundika chini, akaenda zake na kurudi baadaye kuyachukua, alikuwa mwizi. Mbwa naye hakuibwa, kwa hoja kwamba ni mnyama duni asiyestahili mtu kunyongwa kwa ajili yake. Kola ya mbwa, hata hivyo, iliibwa. Bunge likaongeza sheria juu ya sheria: ya mbwa, ya risasi ya kuezekea mapaa, ya barua, ya oysta. Mwaka 1861 zilikusanywa pamoja, na mwaka 1916 zikakusanywa tena. Zilikusanywa tu. Utata ulibaki ule ule.

Aliyethubutu kuufumua utata huo alikuwa mbali na London. Samuel Griffith, mzaliwa wa Wales aliyekulia Australia na kuwa Jaji Mkuu wa Queensland, aliandika kanuni ya makosa ya jinai ya koloni lile, ikapitishwa mwaka 1899 na kuanza kutumika Januari 1, 1901. Katika fungu la wizi alifanya jambo ambalo Uingereza ingesubiri karibu miaka 70 kulifanya, yaani aliweka kuchukua mali na kuigeuza yako mali uliyonayo tayari ndani ya sentensi moja. Kwa Griffith, Bazeley ni mwizi, iwe noti iliingia drooni au haikuingia.

Kanuni ya Griffith ilipita Nigeria, ambako Waingereza waliitumia kwanza kaskazini mwaka 1904, ndipo ikafika Afrika Mashariki. Huku ilikuta Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, iliyotokana na rasimu ya Thomas Macaulay, ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeileta pamoja na sheria nyingine nyingi za Bombay. Wizara ya Makoloni ilitaka makoloni yake ya Afrika yafanane. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata kanuni mpya, na Zanzibar ikafuata mwaka 1934. Kanuni hizo ziliagiza kwamba zitafsiriwe kwa misingi inayofuatwa Uingereza. Kwa hiyo hakimu wa Tabora au Kisumu alitakiwa, kwa sheria, kuwajua Pear na mwanakondoo mweupe.

Vifungu vile bado vipo. Kwa Tanzania ni cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, kwa Kenya ni cha 268, na maneno yake ni karibu yale yale: mwizi ni anayechukua kwa hila, bila kudai haki, kitu kinachoweza kuibwa, au anayekigeuza kwa hila kuwa cha mtu asiye mwenyewe. Hereni ya 1784 imo humo pia, kwani mtu hahesabiwi kuwa amechukua kitu mpaka akisogeze au asababishe kisogee. Matufaha yamekomeshwa, maana kitu kinaweza kuibwa mara tu kinapohamishika, hata kama aliyekifanya kihamishike ni mwizi mwenyewe. Anayeangua embe la jirani hana pa kujificha. Wanyama wa porini walio huru hawaibiki, lakini mizoga yao inaibika, na hicho ni kifungu kilichofikiriwa vizuri kwa nchi zenye swala na tembo wengi.

Griffith pia aliorodhesha nia za hila, na mojawapo inawaumiza washika fedha kila mwaka: kwa upande wa fedha, ni hila kuzitumia upendavyo hata kama unakusudia kumrudishia mwenyewe kiasi hicho hicho baadaye. Utetezi wa "nilikopa tu, mshahara ukitoka nirudishe" ulizibwa mlango kabla haujabisha. Uingereza, bila kifungu hicho, ilifika mahali pale pale kwa kuzunguka. Mwaka 1989 meneja aliyechota pauni 1,050 kwenye kasha la kampuni akikusudia kuzirudisha baada ya wikendi aliambiwa na mahakama kwamba asingerudisha noti zile zile, na hivyo alikuwa amekusudia kumkosesha mwenyewe noti zake moja kwa moja. Kilichobaki ni kuuliza kama alikuwa mwaminifu au la.

Uingereza yenyewe ilichoka na viraka mwaka 1968. Kamati ya kurekebisha sheria za jinai ilikuwa imetoa ripoti mwaka 1966 ikipendekeza kila kitu kianze upya, na Sheria ya Wizi ya 1968 ikaanza kutumika Januari 1, 1969. Kifungu chake cha kwanza kina mambo matano tu: mtu asiye mwaminifu, ajitwalie, mali, ya mwingine, akikusudia kumkosesha moja kwa moja. Robota, droo na inchi za Lapier vikazikwa. Waandishi wake walitumaini kwamba mtu wa kawaida ataisoma na kuielewa. Uyoga wa porini haukusahauliwa: anayechuma kwa ajili ya kula hana kosa, anayechuma kwa ajili ya kuuza analo.

Mambo matano hayo yalileta mabishano mapya ndani ya miaka mitatu. Mwanafunzi wa Kiitalia, ndiyo kwanza anafika London na Kiingereza hakijui vizuri, alipanda teksi kituo cha Victoria. Nauli halali ilikuwa kama shilingi kumi na nusu. Alitoa pauni moja; dereva akasema haitoshi, na wakati pochi ikiwa wazi mikononi mwa kijana akachomoa pauni sita zaidi. Dereva alidai kwamba kijana aliridhia, kwani alimfungulia pochi. Baraza la Malodi, mahakama ya juu wakati huo, likasema mwaka 1971 kwamba sheria mpya haina neno "ridhaa" ndani yake, na halitaliongeza. Mwishoni mwa 1992 likalikazia hilo katika kesi ya duka la vifaa vya umeme lililotapeliwa kwa hundi za wizi. Mwaka 2000 likaenda mbali zaidi: mwanamke aliyemzoea mwanaume mwenye akili pungufu, akawa anafuatana naye kutoa pauni 300 karibu kila siku hadi zikafika kama 60,000, alikuwa mwizi, hata kama kwa sheria ya madai zile zilikuwa zawadi halali. Majaji watatu walisema hivyo, wawili wakakataa. Wale wawili walikuwa na hoja nzuri, kwa sababu inashangaza mtu kuiba kitu ambacho tayari ni chake.

Ridhaa ikishaondolewa, uzito wote unaangukia neno moja, uaminifu. Mwaka 1982 mahakama ziliamua kumpima mtu mara mbili: kwanza kwa viwango vya watu wa kawaida, halafu kama yeye mwenyewe alijua kwamba watu hao wangemwona si mwaminifu. Kipimo kiliishi miaka 35. Kikafa kwa mkono wa mcheza kamari Phil Ivey, ambaye Agosti 2012, katika kasino ya Crockfords mtaa wa Mayfair, aligundua kwamba migongo ya karata haikukatwa sawa pande zote. Kwa kisingizio cha ushirikina wa bahati, aliwafanya wahudumu wazigeuze karata nzuri upande mmoja, akashinda pauni milioni 7.7. Kasino ikakataa kulipa, naye akaenda mahakamani mwenyewe kuidai. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilimwambia alidanganya mchezo, na ikatumia nafasi hiyo kufuta kipimo cha pili: anachofikiri mshtakiwa kuhusu uaminifu wake hakina uzito, alichojua kuhusu mambo yalivyokuwa ndicho chenye uzito. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba hivyo ndivyo ilivyo hata kwenye jinai.

Kuhusu "mali", karatasi ya mtihani ilitoa fundisho. Mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Liverpool aliupata mtihani kabla ya siku yake, akausoma na kukusudia kuurudisha. Karatasi hakukusudia kuiba. Alichokitaka kilikuwa maswali, na maswali, ilisema mahakama mwaka 1978, si mali. Vivyo hivyo kwa wale waliotoa filamu sinema ya Odeon huko Barking kwa saa chache, wakazinakili na kuzirudisha: mwaka 1985 hatia yao ilifutwa, kwa maana filamu zilirudi zikiwa na kila kilichokuwemo.

Na mwaka 1996 historia ya Bazeley ikajirudia karibu neno kwa neno. Watu walioongopa ili wapewe mikopo ya nyumba waliachiwa na Baraza la Malodi. Fedha zilikuwa zimehamishwa kwa mtandao kutoka akaunti hadi akaunti, na akaunti ya mkopeshaji ilipopungua, deni moja lilikufa na jingine likazaliwa; hakuna kitu kilichotoka kwa mmoja kikamfikia mwingine. Bunge lilirekebisha sheria kabla mwaka haujaisha. Huku kwetu, ambako fedha nyingi sasa hupita kwenye simu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, kifungu kinachotaka kitu kisogezwe kingekuwa na kazi ngumu peke yake, na Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, Kenya yake mwaka 2018.

Vijijini kesi nyingi za wizi hazina uhusiano na simu. Zinahusu ng'ombe, mihogo na mahindi, na maneno yanayobishaniwa ni yale madogo ya Griffith, "bila kudai haki". Mtu anavuna shamba ambalo yeye anasema ni la babu yake, na jirani anasema alilinunua. Anakamatwa na kufikishwa mahakama ya mwanzo. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 8 cha Kenya, kinasema aliyetenda kwa kuamini kwa dhati kwamba mali ni haki yake hana hatia, hata kama imani yake ni ya makosa. Majaji wa rufaa wamerudia mara nyingi kwamba hakimu hatakiwi kuamua shamba ni la nani kwa kumfunga mmoja wao. Mgogoro unatakiwa uende baraza la ardhi, ambako unaweza kuchukua miaka. Mahindi yenyewe kufikia hapo yanakuwa yameshaliwa.